Koti la Wakala

Chepchirchir alikuwa na miaka thelathini na mmoja alipoiomba dunia imkubalie jambo moja. Dunia yenyewe, ukiihesabu vizuri, ilikuwa watu watatu, na hakuwahi kuwaona kwa macho. Walikuwa wazee wa mradi wa programu za kompyuta, mradi wa kujitolea, uliojengwa na watu waliotawanyika huku na huko ulimwenguni wakiandikiana barua pepe. Kazi ya programu yao ilikuwa kukaa katikati kama mshenga. Kampuni ikiwa na kompyuta ya ghala isiyoelewana na kompyuta ya magari, hiyo ya katikati inazipatanisha. Ilikuwa na upungufu mmoja tu, na aliyeuona ni Chepchirchir, akiwa kwenye kona yake nyuma ya kabati la faili, katika ofisi ya kiwanda cha maziwa mjini Nakuru.

Upungufu wenyewe ulikuwa huu. Ukitaka kuiuliza kitu kompyuta iliyo mbali, ulilazimika kuandika mistari mia ya kupambana na mtandao, mvua na milima kabla hata hujafika kwenye swali. Yeye akapendekeza kiungo kipya, akakiita wakala. Wakala anakaa hapa hapa mezani. Unamuuliza kana kwamba yule wa mbali yuko chumba cha pili. Yeye ndiye anayefunga safari, anabisha hodi, anauliza na kurudi na jibu. Wewe hata hujui kama njia ilikuwa na matope.

Sheria ya mradi ilisema pendekezo la mgeni lipate kura tatu za wazee. Mbili alizipata kwa wiki moja. Ya tatu ilikuwa mkononi mwa mama mmoja wa Bulgaria aitwaye Radka, ambaye barua zake zilikuwa fupi na hazikuwa na salamu.

Usidhani alitaka sifa. Alitaka mtu mmoja amwambie, nimekuelewa. Mjini Nakuru hakukuwa na mtu wa kumwambia hivyo. Mama yake, kule Eldama Ravine, aliwaambia majirani kwamba binti yake anatengeneza televisheni. Mama Sue, mwenye nyumba wake pale Lanet, alimletea redio iliyokufa, kisha pasi. Mayur, meneja wa kiwanda na mtoto wa mwenye mali, alikuwa kijana mzuri, lakini uelewa wake uliishia kwenye rangi: skrini ikiwa kijani alifurahi, ikiwa nyekundu alishika kichwa. Upweke wa namna hiyo haujulikani sana. Mtu ana watu pande zote, anasalimiwa asubuhi na jioni, ila kitu kinachomkosesha usingizi hana wa kumweleza.

Kabla ya kompyuta alikuwa mapokezi, na huko ndiko alikopata elimu isiyofundishwa chuoni. Karani mkuu wa kiwanda, Bwana Odero, alikuwa na makoti mawili, moja la kuvaa na moja la kufanya kazi. Lile la kazi, la rangi ya kahawia, lilitundikwa mgongoni mwa kiti chake saa mbili asubuhi na likachapa kazi mpaka saa kumi na moja jioni bila kupumzika, huku mwenyewe yuko Kaptembwo akisimamia duka lake la vipuri vya baiskeli. Mgeni akija, Chepchirchir alijua la kusema.

"Ametoka kidogo tu, boss. Si koti lake ni hili?"

Mgeni anaona koti, roho inatulia, anavuta kiti. Wengine walivuta kiti mpaka saa ya chakula. Hakuna ofisi nchini isiyo na koti la namna hiyo, na anayebisha huenda koti ni lake. Neno "hayupo" lilikuwa la watu wasio na adabu. Kwa miaka mitano pale mapokezi Chepchirchir hakulitamka hata mara moja, na jambo hilo alijivunia. Jioni alikwenda chuo mjini kusoma kompyuta. Alipohitimu, Mayur akamtoa mapokezi na kumpa ile kona nyuma ya kabati.

Kiwanda kilikuwa na vituo vitatu vya kupozea maziwa ya wakulima: Lanet, Molo na Kuresoi. Mwezi wa sita mwaka wa 2007 alikwenda Kuresoi kufunga kompyuta, akakaa siku mbili. Msimamizi wa kituo aliitwa Mathenge, mwanamume wa miaka hamsini kasoro, asiyevua kofia yake ya sufi hata chumbani. Aliishi nyumba iliyopakana na kituo pamoja na mama yake mzee, ambaye miguu yake ilikuwa imekataa kazi. Vidole vya Mathenge vilikuwa vya kupanda viazi. Alibonyeza herufi moja, akaitazama kama imeota, ndipo akaenda kwa nyingine. Alimwita Chepchirchir mwalimu tangu saa ya kwanza.

"Sasa mwalimu, na stima ikipotea?"

"Kuna jenereta."

"Na jenereta ikikataa? Na nikikwama huku, nani atajua?"

Chepchirchir akamwonyesha waya mweusi wa modemu. "Ukichomoa hii, jina lako kule kwetu linageuka red saa hiyo hiyo. Nitajua uko na shida, nimwambie boss atume gari."

Mathenge akacheka. "Kumbe nikitaka wageni nachomoa waya tu!"

"Usinicheze, Mathenge. Chomoa ukiwa na shida ya ukweli."

"Sawa, mwalimu. Ya ukweli."

Akarudi Nakuru na gunia la viazi alilopewa na yule mama. Tangu hapo, kila siku kabla ya saa mbili asubuhi, Mathenge aliingiza lita za maziwa na joto la tangi. Chini ya fomu kulikuwa na kisanduku cha maelezo, kilichowekwa kwa ajili ya mambo mazito kama mashine kuharibika. Mathenge alikitumia kwa yake. Umande mzito leo, aliandika. Viazi vimependeza. Umekunywa chai? Chepchirchir akajibu hapo hapo: Nimekunywa, bila andazi. Naye: Hiyo si chai, ni dawa.

Msianze kunong'ona. Hayakuwa mapenzi, au kama yalikuwa, hawakuambiana. Lakini kulikuwa na siku ambazo hayo ndiyo maneno pekee aliyoambiwa Chepchirchir yasiyokuwa amri wala ombi la kutengenezewa pasi. Alikuwa anafika kazini mapema ili ayasome kabla ya wengine kuja.

Mwezi wa kumi mvua ikachachamaa kule juu. Mtandao wa Kuresoi ukawa unakufa na kufufuka mara kumi kwa siku, na skrini ya magari ikawa nyekundu, kijani, nyekundu. Madereva wakiona nyekundu hawatoki. Mayur akaja akasimama nyuma ya kabati.

"Chep, hii red inaniua. Maziwa iko, gari iko, lakini dereva anasema Kuresoi ni red. Hakuna njia ikae green?"

Akafikiri siku nzima, na jibu likamjia akiwa anatazama kiti cha Odero. Akaongeza sehemu moja ndani ya wakala. Yule wa mbali akikosa kujibu, wakala asirudi mikono mitupu. Atoe jibu la mwisho alilowahi kupewa, aonyeshe kijani, huku akiendelea kubisha hodi kimyakimya. Sehemu hiyo akaiita koti.

Alipoandikia mradi akaeleza na koti la Odero, jinsi linavyofanya kazi bila mwenyewe. Wazee wakacheka sana. Mmoja wa Ujerumani aliandika kwamba hata ofisini kwao lipo, ila la kwao ni la mvua. Pendekezo lililokuwa kavu likapata uso, na zile kura mbili zikaja. Kwa mara ya kwanza maishani Chepchirchir alisoma barua huku anacheka peke yake mpaka msichana wa mapokezi akaja kumchungulia.

Radka hakucheka. Aliandika: "Wa mbali akifa, anayeuliza atajuaje?"

Chepchirchir akajibu kwa utani kwamba kwao mtu huwa ametoka kidogo tu, na koti linamsitiri mpaka arudi. Radka akaandika tena. "Itumie mahali halisi kwa miezi mitatu. Halafu uniambie ukweli. Kura yangu itasubiri."

Basi akaiweka Kuresoi, kwa kuwa huko ndiko mtandao ulikosumbua zaidi. Skrini ikawa kijani kuanzia Jumatatu hadi Jumatatu, Mayur akanunulia ofisi nzima soda. Mathenge hakuambiwa lolote. Chepchirchir hakuona haja. Nani humjulisha mtu kwamba koti lake limetundikwa kitini?

Desemba ikaja na uchaguzi wake. Kura zikapigwa siku ya Alhamisi, na kiwanda kikafunga. Jumamosi tarehe ishirini na tisa, Mathenge, ambaye hakujua likizo kwa sababu ng'ombe hawaijui, aliingiza hesabu yake kama kawaida: lita 1,840, joto nyuzi nne, maelezo, "Tuko salama mwalimu. Usijali." Jumapili jioni matokeo yakatangazwa. Yaliyofuata, makabila kufukuzana na kuchomeana nyumba, kila mtu wa Bonde la Ufa anayajua, na wengi hawapendi kuyasimulia.

Ofisi ikafunguliwa Jumatano, tarehe mbili Januari. Walifika watu sita kati ya arubaini. Kadi za simu hazikupatikana madukani, na hata Chepchirchir alipoazima simu ya Mayur na kumpigia Mathenge, sauti ya mwanamke ilimwambia mteja hapatikani kwa sasa. Akafungua kompyuta. Kuresoi ilikuwa kijani. Lita, joto, na chini yake: Tuko salama mwalimu. Usijali. Simu ilisema mtu hapatikani, wakala akasema yupo, naye akamwamini wa kwake.

Alhamisi Mayur akaingia anahema. Alikuwa amezungushwa tangu asubuhi, na mwishowe amepata polisi wawili na lori moja. Safari moja tu, kwenda kuwatoa wafanyakazi walioko juu pamoja na jamaa zao, na kurudi kabla ya giza.

"Molo ama Kuresoi? Siwezi zote. Molo wananipigia wakilia. Kuresoi wako aje?"

Chepchirchir akatazama skrini. Kijani. Tuko salama.

"Kuresoi wako sawa, boss."

"Sure?"

"Wako sawa."

Lori likaenda Molo. Likarudi jioni na watu kumi na saba, watoto wakiwa wamelala juu ya magodoro, na ofisi nzima ikapiga makofi. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Kuresoi haikuwa na mtu wa kuisemea siku hiyo isipokuwa wakala, na wakala alikuwa ameisemea vizuri sana.

Jumatatu asubuhi alikaa na kikombe chake cha chai akayasoma tena yale maneno, kwa kuwa yalimpa nguvu. Ndipo jicho likapanda juu kidogo, kwenye lita. Elfu moja mia nane na arubaini. Akakumbuka kwamba Jumatano ilikuwa hivyo hivyo. Akafungua kumbukumbu za Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Elfu moja mia nane na arubaini. Ng'ombe mia tatu wa wakulima tisini hawana desturi ya kukubaliana namna hiyo hata siku mbili, tena barabara zikiwa zimefungwa na hakuna mkulima anayethubutu kutoka na mtungi. Chai ikapoa mkononi. Alichimba mpaka akafika mahali wakala anapoandika safari zake, na huko kulikuwa na ukweli wote: tangu Jumapili tarehe thelathini, saa tisa na dakika kumi na mbili mchana, alibisha hodi mara mia saba na zaidi, na hakuna mtu aliyefungua. Kikulacho ki nguoni mwako, na hapa nguo yenyewe aliishona kwa mkono wake.

Hakulia. Alikwenda moja kwa moja kwa Mayur, akasema yote. Mayur akapiga simu kila mahali. Ilichukua siku tisa kupata gari la kuandamana na wanajeshi. Waliokwenda walikuta kituo kimeungua, tangi limepasuka, nyumba ya pembeni haina paa, na hakuna mtu.

"Si makosa yako, Chep," Mayur alimwambia. "System ni system."

Alimaanisha wema. Lakini Chepchirchir alitamani angemfokea.

Mwisho wa Januari moto ukashuka mjini kwenyewe. Kwa siku nne hakutoka chumbani kwake. Mama Sue alimletea sahani ya githeri kwa kupitia dirisha la nyuma na kumwambia kwa sauti ya chini, "Mathe yako akikupigia, ongea naye Kiswahili. Kuta zina masikio siku hizi." Basi akawa anazungumza na mama yake mzazi Kiswahili, lugha ambayo mama aliijua ya sokoni tu, na wote wawili wakawa hawana la kuambiana zaidi ya umekula, nimekula. Aliporudi kazini, Odero alikuwa ameondoka na familia yake juu ya lori lililoelekea Kisumu. Koti la kahawia lilikuwa limebaki kitini. Hakuna aliyethubutu kulitoa, na mtu akiulizia, msichana wa mapokezi bado alisema ametoka kidogo.

Katikati ya Februari ikaja barua ya Radka. "Miezi mitatu imetimia. Ilikuwaje?"

Chepchirchir akaandika jibu: ilifanya kazi bila matatizo makubwa. Hakulituma. Kila siku alilifungua, akabadilisha neno moja, akalifunga. Kusema hivyo kungetosha. Bulgaria ni mbali, na nani huko angeuliza habari za Kuresoi? Kura ingekuja, jina lake lingeandikwa, na angekuwa mtu wa mahali fulani, hata kama mahali hapo hapaonekani. Alilitaka jambo hilo kwa uchungu, na aliona aibu kwamba bado analitaka.

Wakati huo Mayur alikuwa anapeleka maziwa kwenye uwanja wa maonyesho ya kilimo, ambako maelfu ya watu waliotoka milimani walikuwa wanaishi kwenye mahema. Siku moja mpakiaji hakuja. Chepchirchir akajitolea kwenda. Dereva akamwangalia mara mbili, kwa sababu wengi wa kambi ile walikuwa wamefukuzwa na watu wa kabila lake, lakini akamfungulia mlango.

Aliyepokea maziwa alikuwa mwanamume mwenye kofia ya sufi. Alifungua kopo la kwanza, akainama, akanusa kwa muda mrefu kabla ya kuitikia kwa kichwa kwamba ni mazuri. Chepchirchir akamjua kwa kule kunusa, kabla hajauona uso.

"Mwalimu!" Mathenge akasema. Kisha akaona watu waliokuwa foleni wanavyomtazama mgeni, naye akapaza sauti. "Huyu ni wa maziwa. Tunafanya kazi pamoja. Ni mtu wangu."

Wakakaa juu ya makopo matupu nyuma ya lori. Alikuwa amekonda, shingo imekuwa ya mzee. Chepchirchir akauliza habari za mama.

"Mama tulimzika Molo."

Akasimulia bila haraka, akiangalia mikono yake.

"Jumapili hakuna mkulima alileta maziwa, sikuandika kitu. Saa tisa hivi tuliona moshi ng'ambo ile ya mto. Nikachomoa waya. Ile nyeusi ulinionyesha. Nikamwambia mama, tulia, mwalimu ameshaona red, gari inakuja. Nikafunga mizigo mbili. Jumatatu gari hakuna. Nikasema ni sikukuu ya mwaka mpya. Jumanne hivyo hivyo. Majirani walikuwa wanapita na miguu, wananiita, Mathenge twende. Nikawaambia nyinyi tangulieni, mimi mathe hawezi kutembea, na nimeitiwa gari. Alhamisi nikasikia injini, nikakimbia nje. Haikuwa nyinyi. Ijumaa alfajiri nikampakia kwa mkokoteni ya makopo, tukapita msituni. Siku mbili. Ile baridi ikamwingia kifua. Molo alifika akiwa hai, hata alikunywa uji. Akakaa siku tatu."

Foleni ilikuwa inasonga nyuma yao, vikombe vinagongana. Mathenge akainua macho, na sauti yake ikawa ya upole.

"Mimi nimejiambia, hawa watu walikuwa wamefunga ofisi. Nani angefungua siku zile? Mlikuwa mmefunga, si ndiyo?"

Alikuwa amemtafutia jibu yeye mwenyewe, akamsogezea karibu. Lilikuwa neno moja tu. Chepchirchir angesema ndiyo, wangeagana marafiki, na huenda mzee huyu angelala vizuri zaidi. Kwa miaka mitano alisema maneno kama hayo mara ishirini kwa siku bila kupepesa jicho.

"Hapana," akasema. "Tulifungua Jumatano. Nilikuwa kwa meza. Nilikuwa nakuangalia kila siku, na ulikuwa green."

Akaeleza. Alieleza mvua za mwezi wa kumi, na Mayur na madereva wake, na koti. Aliyaeleza kwa maneno mepesi, na kadiri yalivyokuwa mepesi ndivyo yalivyozidi kuwa mabaya.

Mathenge akasema, "Kwa hivyo mashine ilisema niko."

"Ilisema uko salama. Kwa maneno yako."

"Ya Jumamosi."

"Ya Jumamosi."

"Na gari? Mlikuwa na gari?"

"Alhamisi. Ilikuwa safari moja. Boss aliniuliza Molo ama Kuresoi." Akashindwa kumalizia, na hakukuwa na haja.

"Watu wa Molo walipona?"

"Walipona. Kumi na saba."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayekubali kipimo cha maziwa ya jirani. Kisha akasema jambo ambalo Chepchirchir anatembea nalo mpaka leo.

"Mwalimu, ungeniambia tu. Kwamba ile waya haifanyi tena. Ningetoka na wao Jumapili. Njia bado ilikuwa wazi."

Hakukasirika, na hilo ndilo lililomvunja. Mathenge akasimama, akaenda kunusa kopo lililofuata, akatia sahihi ya mapokezi. Alipomrudishia kalamu alisema, "Safari njema, dada." Tangu siku ile ya kwanza kule Kuresoi hakuwahi kumwita dada.

Ndani ya lori Chepchirchir alilia mpaka dereva akazima redio. Alipofika ofisini alifuta lile jibu la uongo lililokaa wiki nzima likirekebishwa. Akamwandikia Radka barua ndefu kuliko zote alizowahi kuandika. Hakutafuta maneno ya kitaalamu. Aliandika jina la Mathenge, akaandika waya mweusi, mkokoteni, lita elfu moja mia nane na arubaini. Mwishoni aliandika kwamba analiondoa koti. Wa mbali asipojibu, wakala arudi na kusema hajibu, tena aseme mara moja na kwa rangi inayoumiza macho. Kama bila koti pendekezo halina maana tena, basi wazee walikatae, naye ataelewa. Akatuma kabla hajaanza kujionea huruma.

Jibu lilichukua siku mbili. "Asante kwa ukweli. Kura yangu ni ndiyo. Mpe Mathenge salamu zangu."

Ilikuwa mara ya kwanza Radka kumpa mtu salamu.

Mwezi wa nne toleo jipya la programu likatoka, na chini kabisa, katika orodha ya waliochangia, lilikuwamo jina la Chepchirchir wa Nakuru. Alilitazama kwa muda. Akainuka kumtafuta mtu wa kumwonyesha. Mayur alikuwa Nairobi. Msichana wa mapokezi aliuliza kama litaongezwa kwenye mshahara. Kitini kwa Odero lile koti lilikuwa limeanza kushika vumbi mabegani. Chepchirchir akalitoa, akalikung'uta dirishani, akalikunja na kuliweka kabatini na karatasi yenye jina la mwenyewe, asije akarudi akalikosa.

Mathenge alikuwa ameondoka kambini mwezi wa tatu. Wengine walisema amekwenda kwa ndugu zake Nyandarua, wengine hawakumkumbuka. Simu yake haikupatikana. Zile salamu zilikuwa bado ziko kwa Chepchirchir, na salamu za watu ni mzigo, hasa ukiwa huna pa kuzifikisha.

Kwenye skrini Kuresoi bado ilikuwamo. Mayur alikuwa amemwambia aitoe, kituo hakiko tena, naye alikuwa akisema kesho. Asubuhi iliyofuata, kabla wengine hawajaja, alifungua fomu ya Kuresoi, akashuka hadi kwenye kisanduku cha maelezo, akaandika: Mathenge, Radka wa Bulgaria anakusalimu. Mimi pia. Umekunywa chai?

Akabonyeza. Wakala akafunga safari, akabisha hodi, akasubiri sekunde zake thelathini, kisha akarudi na kusema kama alivyofundishwa.

Kuresoi: hajibu.